Mwandishi, Simu na Nafasi ya Kupumua

Haya ni maandishi ya hotuba ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya waandishi chipukizi na wakazi wa wadi ya Kitisuru.



 Nimeombwa nizungumzie msongo wa mawazo unaowapata watu wanaoandika kwenye blogu na mitandao ya kijamii. Katika wadi hii wamo wengi. Yuko anayeandika kule Loresho, nyuma ya ua mrefu, nyumba kimya, asizungumze na mtu kutwa nzima isipokuwa kwenye skrini. Yuko anayeandika Kibagare kwa bando la siku moja, watoto wa jirani wakilia upande wa pili wa bati. Hali zao hazifanani, lakini saa tano usiku wote wawili wanafanya jambo moja: wanafungua simu kuona wamesemwa nini.

Wengi hudhani kwamba kinachomchosha mwandishi ni kukosolewa. Mimi naona vingine. Waandishi wa Kiswahili wamekuwa wakijibiwa tangu zamani, tena kwa maneno makali. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka wa 1840 hivi, alijibizana kwa mashairi na watu wa Lamu wakati miji hiyo miwili ilipohasimiana. Miaka mingi baadaye, washairi waliendeleza desturi hiyo katika kurasa za Taifa Leo. Mtu akisoma shairi likamkera, alichukua kalamu, akatafuta vina, akahesabu mizani, akanunua stempu, akaenda posta. Kufikia hapo hasira imepoa kidogo. Na yule aliyetunga naye alikuwa amelala usingizi siku kadhaa kabla ya kusomewa kosa lake.

Leo nafasi hiyo kati ya neno na jibu imeondolewa. Unachapisha makala saa mbili usiku, saa mbili na dakika moja umeshatukanwa na mtu ambaye hajamaliza kusoma kichwa. Ukijibu, wanakuja kumi. Ukinyamaza, wanasema umeogopa. Kwa hiyo neno langu leo ni moja: ile nafasi ambayo zamani tulipewa na jahazi na posta, sasa kila mwandishi lazima ajitengenezee.

Anza kabla ya kuchapisha. Habari ya dharura, kama moto au mafuriko, haingoji. Lakini maoni yako kuhusu siasa, ndoa au mpira yanaweza kulala hadi asubuhi bila kuharibika. Yaandike usiku ukitaka, uyasome tena baada ya chai. Maji yakimwagika hayazoleki, na neno lililopigwa picha ya skrini ni vivyo hivyo: ukilifuta kwako, limebaki kwa wengine.

Ukishachapisha, zima arifa. Jiwekee saa maalumu za kusoma maoni, mara mbili kwa siku zinatosha, na saa ya kulala isiwe mojawapo. Simu ilale chumba kingine. Kama chumba ni kimoja, ilale mbali na mto wako.

Unaposoma, tenganisha wanaokujibu. Katika kazi yangu napokea ujumbe wa kila namna kuhusu taka, maji na barabara. Mmoja anauliza, na anastahili jibu. Mwingine anakosoa kwa hoja, huyo ni mhariri wako wa bure. Wa tatu anatukana mama yako. Huyo hana deni lolote kwako wala wewe huna deni kwake. Ukiwachanganya watatu hawa, utamkaripia aliyeuliza na kumnyenyekea aliyetukana.

Jambo la pili ni kugawana mzigo, na hapa tuna mfano wetu wenyewe. Mwishoni mwa Desemba 2007, baada ya matokeo ya uchaguzi wa urais kutangazwa, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Wakenya wengi waligeukia blogu, mojawapo ikiwa Kenyan Pundit ya mwanasheria Ory Okolloh. Habari za ghasia zilimfikia kutoka kila upande, nyingi kuliko awezavyo mtu mmoja kuzipokea na kuzithibitisha. Mapema Januari 2008 aliomba wataalamu wa kompyuta wasaidie kutengeneza ramani ya matukio. Katika muda wa siku chache yeye, Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wenzao wakaanzisha Ushahidi, ambapo wananchi walituma taarifa kwa simu na intaneti. Yale yaliyokuwa yakimiminika kwa mwandishi mmoja yakapata watu wengi wa kuyabeba.

Wewe huhitaji kuanzisha kitu kikubwa hivyo. Tafuta mwenzako mmoja. Wiki ambayo makala yako imechafua hewa, yeye ndiye asome maoni na kukuambia ni yapi yanayohitaji jibu. Wiki yake ikifika, nawe umfanyie vivyo hivyo.

Wapo watakaosema kwamba maneno hayavunji mfupa, mwandishi ajikaze. Jiji hili lina ushahidi kwamba yale tunayoyatazama kwenye skrini huumiza kweli. Mwaka wa 2022 Daniel Motaung, aliyekuwa akichuja picha na maandishi ya Facebook hapa Nairobi, alifungua kesi kuhusu madhara aliyoyapata kazini. Wenzake wengi nao wakaenda mahakamani. Desemba 2024 ilijulikana kwamba zaidi ya 140 kati yao, baada ya kupimwa na daktari wa akili wa hapa nchini, walikutwa na maradhi yanayotokana na kiwewe. Hao walilipwa kutazama uchafu huo. Mwandishi anautazama bure, peke yake, na mara nyingi unamtaja kwa jina.

Sasa niseme jambo ambalo huenda hamlitarajii kutoka kwa afisa wa serikali. Sikuja kuwaambia muandike machache, wala muiache kaunti ipumue. Ibara ya 33 ya Katiba inawapa uhuru wa kujieleza, na ibara hiyo hiyo inataka tuheshimu haki na sifa za wengine. Taka zisipozolewa, andikeni. Hofu yangu ni kwamba mwandishi mwenye hoja akichoka anafunga ukurasa na kuondoka, na uwanja unabaki kwa wenye matusi. Hiyo ni hasara kwa mtaa mzima.

Kuna pia mahali ambapo maneno huacha kuwa ukosoaji. Mtu akitishia kukudhuru, akikuandama kila siku, au akisambaza namba yako na mahali unapoishi, usimjibu. Hifadhi ujumbe wake pamoja na tarehe na saa, uripoti kituo cha polisi, na uombe namba ya kitabu cha matukio. Sheria ya mwaka wa 2018 kuhusu Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni inakataza usumbufu wa aina hiyo. Taarifa zako za siri zikitumiwa vibaya, unaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data, chini ya sheria ya 2019.

Mwisho, sikiliza mwili wako. Ukikosa usingizi wiki nzima, chakula kikikosa ladha, moyo ukienda mbio kila simu ikilia, hapo kuzima arifa hakutoshi. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, kama Kangemi au Westlands, ueleze wazi yanayokusibu. Mhudumu akiona haja atakuelekeza mbele. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina namba ya bure, 1199, na ukiipiga utapata mtu wa kuzungumza naye. Na ikiwa mawazo yamefika mahali pa kutaka kujiua, usinyamaze kwa kuogopa sheria. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakwenda kinyume cha Katiba. Anayefikia hapo ni mgonjwa anayehitaji msaada, na msaada upo.

Ndugu zangu, leo usiku mtu atawaandikia neno la kuudhi. Liacheni lilale. Asubuhi mtaamua kama linastahili jibu lenu.