Akiba Katika Miti: Faida, Hatari na Uaminifu



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Mtukufu s.a.w., napenda tutazame jambo lililowavutia wengi miongoni mwetu, nalo ni kuweka akiba katika mashamba ya miti ya Mufindi na Njombe.

Faida yake ni dhahiri. Ekari moja ya misindano, ikipandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, huchukua miche ipatayo 450, na mbao zina wanunuzi. Tena Mtukufu Mtume s.a.w. ametufundisha kwamba alacho mtu, ndege au mnyama katika mmea wa Mwislamu huwa ni sadaka kwa aliyeupanda.

Lakini hatari nazo zipo. Msindano wa mbao nzuri huhitaji miaka 15 hadi 25, na katika muda huo moto mmoja wa kiangazi waweza kuteketeza jasho la miaka yote. Ardhi ya kijiji iliyonunuliwa kwa mtu mmoja, bila idhini ya halmashauri ya kijiji, huzaa kesi. Na wengine, ada za shule zikiwabana, huuza miti michanga kwa bei ya kutupa. Basi mtu asitie humo fedha ya chakula, ya ada wala ya deni. Aende alione shamba kwa macho yake, aulize mipaka, palizi, njia ya kuzuia moto na mlinzi.

Lipo jambo zito zaidi. Wako wanaokusanya fedha za ndugu zao na kuwaahidi kiasi maalumu cha faida, moto uwake usiwake. Ahadi hiyo ni riba, hata ikivikwa majani ya miti. Katika mudharaba wa halali faida hugawanywa kwa fungu lililokubaliwa, kama nusu au theluthi. Hasara ikitokea bila uzembe wala hiana, mwenye mali hupoteza mtaji na mtendaji hupoteza kazi yake. Hayo na yasemwe wazi, yaandikwe, na mashahidi wawepo. Mjane anayetoa akiba aliyoachiwa na marehemu mumewe ana haki ya kusikia habari za moto kabla ya habari za mbao.

Mwenyezi Mungu atujalie riziki ya halali, subira na uaminifu. Amin.