Mbegu Bora ya Mahindi Vilimani

Ndugu wakulima wa Igogo,

Leo nataka tuzungumze juu ya mbegu ya mahindi. Mashamba yetu ya vilimani ni madogo, yamebanwa na mawe, nayo yamepakana. Kwa hiyo mbegu yako haikutegemei wewe peke yako. Yamtegemea na jirani.

Sababu ni hii. Mbelewele hutoa unga, nao upepo huupeperusha mpaka kwenye ndevu za mahindi ya shamba jingine. Ukipanda Staha, na jirani akapanda aina nyingine, mbegu zitachanganyika, na nguvu ya Staha ya kuvumilia ugonjwa wa milia itapungua mwaka hata mwaka.

Basi fanyeni hivi.

Kwanza, wenye mashamba yanayopakana wapatane kupanda aina moja: Staha, TMV-1 au Situka. Mbegu za aina hizi zaweza kuwekwa na kupandwa tena misimu kama mitatu. Chotara sivyo, ukirudia kupanda punje zake, mavuno hushuka. Shamba la mbegu liwe mbali na mahindi ya aina nyingine kwa mita 200 au zaidi. Isipowezekana, mpishane kupanda kwa mwezi mmoja.

Pili, ng'oeni mimea yenye milia na isiyofanana na mingine kabla mbelewele hazijatoa unga.

Tatu, chagueni mbegu shambani, si ghalani. Ghalani utaona ukubwa wa hindi tu; hutajua kama mmea wake ulianguka, au ulinenepa kwa sababu uliota peke yake penye samadi. Acheni mistari ya pembeni. Chukueni mahindi ya mimea isiyopungua 100, maana mbegu ya mimea michache hudhoofika upesi.

Nne, kausheni vizuri, mpukuchue punje za katikati ya gunzi, mziweke katika chombo kikavu kilichofungwa sawasawa, fukusi na dumuzi wasiingie.

Kabla ya kupanda, funga punje 100 katika kitambaa chenye maji. Baada ya siku 7, zikiwa zimeota 85 au zaidi, mbegu yafaa.

Kikundi kinachotaka kuuza mbegu kijiandikishe kwanza TOSCI, shamba likaguliwe.

Mwisho, mbegu ikae ghala la kikundi, si jikoni. Wakati wa njaa hindi la mbegu hutamaniwa sana. Likiliwa, msimu unaofuata mtapanda chochote mtakachopata.