Mila na Mtu Anayekataa

Nawakaribisha tena katika somo letu la elimu ya watu wazima. Ninyi mlio katika vikundi, mwenyekiti na awatulize watu, na mwandishi wa kikundi ashike kalamu yake, kwa maana mwishoni nitatoa maswali matatu ya kuzungumza.

Katika somo lililopita tulijifunza namna ya kusoma hadithi: nani anatenda, anataka nini, na nini kinamzuia. Leo twasonga mbele hatua moja. Mara nyingi kinachomzuia mtu katika hadithi si simba wala mto uliojaa maji. Ni watu wake mwenyewe: wazazi, shangazi, majirani, wakimwambia, "Kwetu haifanywi hivyo." Neno hilo ni neno la mila. Anayelitii twasema ni mtu mwema. Anayelikataa twamwita mkaidi, na pengine baada ya miaka mingi twamwita shujaa. Tutajuaje yupi mkaidi na yupi shujaa? Hilo ndilo somo la leo.

Nianze mbali kidogo, kisha turudi nyumbani. Mwaka 1948 mwandishi wa Marekani, Bibi Shirley Jackson, alitoa hadithi fupi iliyowashtua wasomaji wengi. Katika hadithi hiyo watu wa kijiji hukutana kila mwaka wakati wa joto na kupiga kura kwa vikaratasi. Mwenye kupata kikaratasi chenye alama nyeusi hupigwa mawe. Sehemu kubwa ya taratibu za zamani watu wamekwisha zisahau, lakini mawe hawakuyasahau. Mwanamke anayeangukiwa na alama analia kwamba kura haikuwa ya haki. Lakini angalieni: alifika pale akifanya mzaha na jirani zake. Alikataa mila siku ile tu ilipomfikia yeye. Kukataa kwa namna hiyo huchelewa, wala hakumsaidii mtu.

Sasa turudi kwetu. Panda feri pale Mwanza, vuka mpaka Nansio, nawe umefika Ukerewe. Kisiwa hicho kimetupa waandishi wawili wakubwa, na wote wawili waliandika juu ya jambo hili.

Wa kwanza ni Mzee Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896. Aliandika kitabu kirefu kwa Kikerewe, akakimaliza mwaka 1945. Hakupatikana mtu wa kukichapa. Alipokuwa mzee akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, nacho kikachapwa mwaka 1980. Jina lake ni Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Mzee Kitereza alifariki mwaka 1981, kabla ya kukishika mkononi.

Hadithi yenyewe ni hii. Myombekere na mkewe Bugonoka wanapendana, lakini hawana mtoto. Ndugu za mume wanamsema vibaya yule mke na kumhimiza Myombekere aoe mwingine. Wakwe zake wanaposikia binti yao anavyosemwa, wanakuja kumchukua na kumrudisha kwao. Kwa mila ya siku zile ndoa ingeweza kuishia hapo, na hakuna ambaye angemlaumu mume kwa kutafuta mke mwingine.

Myombekere anakataa. Lakini hapa, wasikilizaji, tusome polepole, kwa kuwa ndipo penye mafunzo. Hakuwatukana ndugu zake. Hakuhama kisiwa. Hakwenda kumnyakua mkewe usiku. Alikwenda kwa wakwe zake kwa heshima, akaomba. Wakwe wakamtoza pombe ya ndizi. Naye hakusema kwamba yeye ni mtu huru na hatozwi. Alirudi nyumbani, akahangaika na ndizi, akasaidiwa na majirani, akaipeleka ile pombe, akarudishiwa mke wake. Kisha wakatafuta dawa pamoja, na mwisho wakapata watoto wawili, Ntulanalwo na Bulihwali.

Mwaona alivyofanya? Alikataa mila moja kwa kuzitii mila nyingine. Mila ile ile iliyomruhusu kumwacha mkewe ilikuwa na mlango wa kumrudisha: kuomba, kutozwa, kulipa. Wengi walikuwa wakiupita mlango huo bila kuutazama. Yeye alibisha hodi.

Tena Mzee Kitereza hakuandika kwa kubahatisha. Yeye na mkewe hawakubaki na mtoto hata mmoja, nao waliishi pamoja hivyo hivyo, wala hakuoa mwingine.

Nilipoisimulia hadithi hii katika darasa moja la watu wazima kando ya ziwa, mzee mmoja mvuvi alisema, "Mwalimu, huyo bwana alilogwa." Watu wakacheka. Palikuwa na mama mmoja aliyekaa nyuma, ambaye tangu darasa lianze hakupata kusema neno. Akasimama, akasema, "Shikamoo, babu. Kama kumpenda mke asiye na mtoto ni kulogwa, basi namwomba Mungu amloge na wangu." Hakucheka mtu. Yule mzee akainamisha kichwa kitambo, kisha akajibu, "Marahaba, mwanangu. Umesema."

Hapo yanipasa kuongeza neno, ingawa si la hadithi. Leo twajua kwa hakika kwamba kukosa mtoto kwaweza kutokana na mume, au na mke, au na wote wawili. Basi wanaokwenda hospitali na waende wote wawili.

Mwandishi wa pili ni Profesa Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020. Kitabu chake Rosa Mistika kilitoka mwaka 1971, na kwa muda kilizuiwa kusomwa shuleni. Humo mna msichana wa Ukerewe aitwaye Rosa. Baba yake, Zakaria, ni mlevi, tena ni mkali mno kwa binti zake. Rosa anapoandikiwa barua na kijana, baba anampiga vibaya. Hakuulizwa neno. Hakufundishwa neno. Alifundishwa kuogopa tu. Akiwa mbali na macho ya baba, shuleni na baadaye chuoni, akavunja kila alichokatazwa, kizuri na kibaya pamoja, kwa kuwa hakupata kuambiwa kipi ni kipi. Mwisho wake ni wa huzuni kubwa: alijiua.

Wako wasomaji wanaosema kwamba Rosa aliharibika kwa kuacha mila. Mimi nasoma hivi: Rosa hakuachiwa mlango. Myombekere alikuwa na mahali pa kwenda kusema, na watu wa kumsikiliza, hata kama walimtoza. Tena alikuwa mwanamume mwenye mji wake. Rosa alikuwa mtoto wa kike, na mbele yake palikuwa na fimbo tu. Mtu asiye na mahali pa kukataa kwa mdomo atakataa kwa siri, na ukaidi wa siri hauna wa kuushauri.

Basi swali letu la kwanza, yupi mkaidi na yupi shujaa, lina nusu ya pili. Tusimtazame yeye anayekataa tu. Tuwatazame pia wanaomkatalia. Je, walikuwa tayari kumsikiliza? Ninyi wazazi na wazee mnaonisikiliza jioni hii, siwaambii mziache mila. Nawaambia muulizane: katika nyumba yetu, binti akitaka kusema "Hapana, baba," atasemea wapi?

Haya, maswali ya vikundi. La kwanza: kwa nini Myombekere alikubali kulipa ile pombe, ingawa kosa lilikuwa la ndugu zake? La pili: Zakaria angefanya nini siku ile ya barua ili mambo yasifike yalikofika? La tatu: tajeni mila moja ya hapo mnapoishi ambayo watu huifuata bila kujua sababu yake. Waulizeni wazee sababu. Ikipatikana, iandikeni, maana hata Mzee Kitereza alianza kwa kuwasikiliza wazee na kuandika.

Akina mama wapewe nafasi ya kujibu kwanza. Mwenyekiti, hilo ni juu yako.

Nawatakia usiku mwema. Kwaherini.