Nani Atashinda Mezani?

Fainali kubwa ya pool ikikaribia, mashabiki hutazama majina. Mimi nasema watazame kwanza kanuni za pambano. Katika pambano fupi la kuwahi kushinda michezo 9, mpira mmoja tu ukigoma kwenye mdomo wa shimo unaweza kumng'oa bingwa. Likiwa refu, ubora hupata nafasi ya kujitokeza. Mwaka 1996 huko Hong Kong, Efren Reyes wa Ufilipino na Earl Strickland wa Marekani walicheza siku 3 wakiwania kufika michezo 120. Reyes alitokea nyuma akashinda 120 kwa 117.

Tazameni pia nani anafungua meza. Mshindi wa mchezo akiruhusiwa kufungua unaofuata, mpinzani anaweza kukaa kitini muda mrefu, fimbo mkononi, mwili ukipoa, bila kugusa mpira. Hilo huwavunja hata wakongwe.

Na hata ukiyajua yote hayo, fainali ya dunia ya pool ya mipira 9 mwaka 2024 mjini Jeddah iliamuliwa na mchezo mmoja: Fedor Gorst 15, Eklent Kaçi 14. Basi msikilizaji, anayekuuzia utabiri wa uhakika, usimpe hela yako.