Ahadi ya Miaka Miwili: Fundisho kutoka Grise Fiord



Tumezoea kudhani kwamba dhuluma huja na upanga. Leo tutafakari dhuluma iliyokuja na ahadi.

Kaskazini ya mbali ya Kanada, katika kisiwa cha Ellesmere, kipo kijiji cha Wainuit kiitwacho Grise Fiord. Wenyewe hukiita Aujuittuq, yaani mahali pasipoyeyuka. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu humo watu 144 tu.

Mwaka 1953, na tena mwaka 1955, Serikali ya Kanada iliwahamishia kaskazini hiyo Wainuit 92, wengi wao kutoka Inukjuak, yapata kilomita 2,000 kusini. Waliambiwa kwamba huko mawindo ni tele, na kwamba asiyeridhika angerudishwa kwao baada ya miaka miwili. Hawakuambiwa kwamba jamaa wangetenganishwa, wengine wakae Grise Fiord na wengine Resolute. Kwao jua lilichomoza hata katikati ya majira ya baridi. Huku lilitoweka kwa miezi zaidi ya mitatu. Baridi ya kwanza iliwakuta katika mahema. Miaka miwili ilipokwisha waliomba kurudi, na ahadi haikutimizwa.

Je, hawakukubali kwenda? Tujibu kwa haki. Aliyewauliza alikuwa polisi, mwenye mamlaka juu yao. Ridhaa ya mnyonge aliyefichwa ukweli si ridhaa.

Baadhi yao walirudishwa Inukjuak mwishoni mwa miaka ya 1980, lakini kurudi huko kuliwatenga na watoto na wajukuu waliobaki kaskazini. Mwaka 1994 tume ya kifalme ilipendekeza waombwe radhi na kulipwa fidia. Mwaka 1996 ulitolewa mfuko wa dola milioni 10 za Kanada, bila neno la radhi. Neno hilo lilitamkwa tarehe 18 Agosti 2010, miaka 57 baada ya safari ya kwanza. Wazee wengi walikwisha kuzikwa katika ardhi ile iliyoganda.

Ndugu zetu, fedha zilitangulia na ukweli ukachelewa. Lakini aliyedhulumiwa hudai kwanza aaminiwe. Basi sisi viongozi wa walei, tunapoitwa kushuhudia makubaliano baina ya mkubwa na mdogo, tuulize bila woga: Je, mdogo ameelezwa yote kwa lugha yake? Je, ana uwezo wa kukataa? Na akitaka kurudi, ni nani atakayemfungulia njia?

Amani ya Bwana iwe nanyi.