Talaka ya Msikitini na Talaka ya Tribinali

Mtu na mke wake wakiachana, ni nani anayesema kwamba wameachana kweli? Jibu la swali hilo limegombanisha familia nyingi hapa kwetu.

Katika sharia ya Kiislamu, ndoa ni mkataba. Mume anaweza kutoa talaka, kisha mke anakaa eda: hedhi tatu, ao kama ana mimba, mpaka ajifungue. Talaka ikiwa ni ya kwanza ao ya pili, mume anaweza kumrudia ndani ya eda. Mke naye ana mlango wake. Anaweza kuomba khului kwa kurudisha mahari, ao kadhi avunje ndoa kwa sababu ya mateso ao kukosa matunzo. Tena Kurani, sura ya nne, inataka mwamuzi mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke. Hapo ndipo wengi wanaporuka, kwa sababu ya hasira.

Leta yetu inasema namna ingine. Kwa Kode ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, talaka inatoka kwa hukumu ya tribinali tu. Mume ao mke anaweza kuiomba, akionyesha kwamba ndoa imeharibika kabisa. Jaji anajaribu kwanza kuwapatanisha. Wakishindwana, anaamua juu ya watoto na mali. Kule Zanzibar na Kenya kadhi ana korti inayotambuliwa na serikali. Kwetu Kongo shehe hana uwezo huo.

Sasa angalieni hatari. Mama aliyeandikishwa etasivili anaachwa kwa neno la mdomo. Anamaliza eda, anaolewa tena msikitini. Mbele ya Leta, yeye bado ni mke wa yule wa kwanza! Bwana huyo akirudi kudai parseli, wakubwa wa familia mbili watasimama na fimbo. Na yule aliyeolewa msikitini tu, bila kuandikishwa, atapeleka nini mbele ya jaji?

Ukimbizi unaongeza shida. Kuna talaka zinazotumwa kwa simu kutoka kambi ya Nyarugusu. Hata Tanzania, sheria ya ndoa ya mwaka 1971 inataka talaka ya Kiislamu ipite kortini. Tena mafuriko ya Aprili 2020 yalibeba nyumba, na vyeti pamoja nazo.

Basi mashehe na machefu wa kartie, wapatanisheni watu; kazi hiyo ni yenu, na kwa maoni yangu waamuzi wawili wa Kurani hawapingani na jaji hata kidogo. Lakini msikate talaka wenyewe. Andikeni mliyosikia: majina, tarehe ya ndoa, mahari, watoto, mashahidi. Kisha mpelekeni mama huyo tribinali ya amani na karatasi hiyo mkononi, kabla hajaposwa tena.