Zinki Tayani: Makali ya Wadudu Yanatoka Wapi?



Mkulima wa Tabora hahitaji kuambiwa na profesa kwamba dumuzi ana taya kali. Mdudu huyu wa milimita 3 au 4 aliletwa kwetu kutoka Amerika ya Kati mwishoni mwa miaka ya 1970, na tangu hapo amesaga mahindi na makopa ya watu yakawa vumbi. Punje kavu anatoboa, na nguzo ya ghala anatoboa. Anatobolea nini? Hana mfupa, wala jino lililojaa kalsiamu kama letu. Gamba lake ni khitini na protini, vitu vilevile vinavyojenga bawa la panzi.

Mwaka 1982 watafiti wa Uingereza, Hillerton na Vincent, walitoa jibu lililostahili kusikika zaidi ya lilivyosikika. Katika taya za wadudu walikuta zinki, nayo imejikusanya mahali mahususi: kwenye makali. Miaka 2 baadaye Hillerton na wenzake walichunguza bungo waharibuo nafaka ghalani, wakakuta kwamba katika taya zao metali iliyotawala ni zinki au manganizi. Taya ikipigwa miale ya elektroni ndani ya hadubini, kila metali hutoa eksirei yake. Hapo ramani hujichora: zinki inang'aa kwenye meno, kisha inakatika ghafla, na taya iliyobaki ni giza tupu. Nyigu wanaotoboa mbao ili watage wana metali kama hizo kwenye ncha ya mrija wa kutagia.

Naomba tusielewane vibaya. Hakuna bati lililopakwa juu ya jino. Atomi za zinki zimo ndani ya gamba lenyewe, zimeshikana na protini. Kwa sisimizi wakata-majani wa jenasi ya Atta, wa Amerika ya Kati na Kusini, tunajua hata wakati zinapoingia. Sisimizi hutoka kwenye pupa akiwa na taya za umbo kamili, lakini meno bado laini. Zinki huongezeka siku zake za mwanzo za utu uzima, na ugumu wa meno hupanda karibu mara 3. Kazi ya kukata majani inamngoja; humo ndimo jamii yake huoteshea kuvu wanaowalisha.

Hata hivyo, naamini tukiishia kwenye ugumu tumekosa kiini. Mwaka 2021 Robert Schofield wa Chuo Kikuu cha Oregon na wenzake walichambua jino la sisimizi atomi kwa atomi. Zinki ilikuwa imeenea sawasawa, bila chembechembe za fuwele. Jino letu lina fuwele, na fuwele zina ukubwa wake. Zege lenye kokoto huwezi kulichonga likawa na ncha nyembamba kuliko kokoto yenyewe. Maada isiyo na chembe huchongeka zaidi. Makali ya Atta kijana yana kipenyo-nusu cha takriban nanomita 50, yaani milimita 1 ikigawanywa mara 20,000.

Kwa nini ukali huo wote? Kwa sababu misuli ya mdudu ni midogo mno. Ng'ombe mwenye meno butu bado ana taya nzito za kusagia. Sisimizi hana akiba hiyo. Schofield alikadiria kwamba vifaa vya kukatia vya aina hii humwezesha mnyama kutumia asilimia 60 tu ya nguvu, au hata chini ya hapo, ikilinganishwa na nguvu ambayo angehitaji kama vingekuwa vya maada inayofanana na meno ya binadamu. Zinki, kwa hiyo, ni silaha ya mnyonge.

Nayo huchakaa. Mdudu akishakuwa mzima hajivui gamba tena, hivyo jino likilika limelika. Mwaka 2011 kikundi hicho cha Oregon kilionyesha kwamba Atta wenye meno yaliyochakaa hukata kwa nusu ya kasi na hutumia nishati maradufu. Waliochakaa kupita kiasi huacha kukata. Hubeba vipande vilivyokatwa na wenzao. Nikiri kwamba hakuna matokeo ya taaluma hii yaliyonigusa kama hayo.

Dumuzi hana mwenzake wa kumkatia. Kila punje anaitoboa mwenyewe, kwa meno yaleyale. Ndiyo maana ningependa wanafunzi wa idara yetu wapime taya za dumuzi waliozeekea kwenye mahindi ya punje ngumu, wazilinganishe na za waliolelewa kwenye punje laini, kisha wahesabu mayai ya kila kundi. Mbegu zipo, ghala zipo, na dumuzi, kwa bahati mbaya, wapo tele.